Amina: Jina Moja, Maneno Matatu



Kuna majina tuliyoyazoea mno hata tumeacha kuyasikiliza. Tunayaita asubuhi na jioni, tunayaandika katika madaftari ya mahudhurio, tunayaweka katika mashairi, lakini hatuyaulizi yametoka wapi wala yamebeba nini. Amina ni mojawapo. Katika zaidi ya miaka 30 ya kufundisha Kiswahili shule za sekondari, sikumbuki mwaka uliopita bila kuwa na Amina darasani. Kila nilipouliza maana ya jina hilo nilipata majibu ya namna tatu. Wapo waliosema ni "mwaminifu". Wapo waliosema ni jina la mama yake Mtume. Na hakukosekana mchekeshaji wa kusema kwamba ni lile neno la kumalizia dua.

Wote walisema kweli. Lakini hayo si majibu matatu ya neno moja. Katika Kiarabu hayo ni maneno matatu, kila moja na matamshi yake na maandishi yake, nayo yalipovuka bahari kuja kwetu yakavaa vazi moja. Leo nataka kuyaeleza maneno hayo, kisha niseme kwa nini naamini kwamba kukutana kwake katika Kiswahili si upungufu wa kuonewa haya.

Neno la kwanza ni Aamina, ambalo a yake ya mwanzo huvutwa. Maana yake ni mwanamke aliye salama, aliyetulia, asiye na hofu. Hili ndilo jina la Amina binti Wahab, wa ukoo wa Bani Zuhra katika kabila la Kuraishi, mama yake Mtume Muhammad, aliyefariki mahali paitwapo Abwaa, baina ya Makka na Madina, mwanawe angali na umri wa miaka sita. Neno hilohilo, likiwa sifa tu wala si jina la mtu, limo katika Qurani, Sura ya An-Nahl, aya ya 112, panapopigwa mfano wa mji uliokuwa katika usalama na utulivu.

Neno la pili ni Amiina, na hapa kinachovutwa ni i ya katikati. Ni umbo la kike la amiin, yaani mtu wa kutumainiwa, ambaye ukimkabidhi chako utakikuta. Watu wa Makka walimwita Muhammad Al-Amin kabla hajapewa utume. Wasimulizi wa sira wanaeleza jinsi koo za Kuraishi zilivyogombania heshima ya kulirudisha Jiwe Jeusi mahali pake baada ya kuijenga upya Al-Kaaba. Alipotokea yeye wakasema: huyu ni Al-Amin, tumeridhika naye. Akatandika nguo, akaliweka jiwe juu yake, akawaambia wakuu wa koo washike pande za nguo na kuinua pamoja. Ugomvi ukaisha.

Neno la tatu ni aamiin, lenye irabu ndefu mbili, mwanzo na mwisho. Hili si jina. Ni itikio la dua: "ewe Mola, pokea", au "na iwe hivyo". Nalo ni msafiri wa zamani kuliko wenzake, kwa kuwa asili yake ni Kiebrania. Mayahudi huliitikia katika sala zao, Wakristo huitikia, Waislamu huitikia. Ni maneno machache sana ambayo watu wa dini hizo tatu huyatamka kwa nia moja.

Ingawa ni matatu, maneno haya ni ndugu wa mzizi mmoja: alifu yenye hamza, mimu na nuni. Wenye kuzichunguza lugha za Kisemiti huona kwamba mzizi huo, katika Kiarabu na katika Kiebrania, una maana ya uthabiti: kitu kilichosimama imara, kisichotetereka, ambacho mtu aweza kukiegemea bila wasiwasi. Aliyeegemea ni Aamina, kwa kuwa yu salama. Anayeegemewa ni Amiina, kwa kuwa hatetereki. Na neno la dua ni kama kupiga mhuri: maneno haya na yasimame.

Yaliungana vipi? Kiswahili hakitofautishi maneno kwa urefu wa irabu kama kifanyavyo Kiarabu. Tukiandika irabu mbili zilizofuatana, hiyo si irabu moja ndefu. Ni silabi mbili. Kaa ni silabi mbili, ka-a, na mtunzi ataihesabu mizani mbili. Tena mkazo wa Kiswahili huanguka juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Basi Aamina ilipofika kwetu, a yake ndefu ilifupika, na mkazo wake, ambao kwa Waarabu huwa mwanzo, ulihamia katikati: a-MI-na. Amiina haikuhama sana, kwani mkazo wake ulikuwa tayari katikati. Na aamiin, iliyoishia na n, ilipewa irabu ya mwisho, kwa kuwa neno la Kiswahili hupenda kukaa juu ya irabu. Ni sheria ileile iliyomfanya Uthman akawa Athumani, Ramadhan akawa Ramadhani, na Abubakar akawa Bakari. Hakuna aliyekaa kikao akaamua. Ulimi uliamua, kama ulivyoamua kwamba Aisha ataitwa Asha na Fatima ataitwa Fatuma.

Mwenyeji hakuishia hapo. Mzizi huo ulizaa katika Kiswahili ukoo mzima wa maneno: amani, amana, imani, amini, muumini. Kisha Kiswahili kikachukua viambishi vyake chenyewe kikayanyambua: kuaminiana, kuaminika, kuaminisha, uaminifu, mwaminifu. Neno kama kuaminiana, kiini chake ni cha Uarabuni, lakini kichwa na mkia wake ni vya Kibantu, wala huwezi kulikata ukalirudisha lilikotoka.

Litazameni hasa neno imani. Kwa Mwarabu ni kuamini, hasa kumwamini Mungu. Kwetu ni hivyo, na zaidi. Tunasema mtu fulani ana imani, na tunakusudia kwamba ana huruma. Tunasema nilimwonea imani, yaani nilimhurumia. Mwenye kumpiga mtoto bila kiasi tunamwambia hana imani, hata kama hakosi sala moja. Maana hiyo ya huruma hatukuletewa na jahazi lolote. Tumeifanya sisi. Mababu zetu walilipokea neno, wakaliangalia, wakaona kwamba mtu anayedai kuamini na moyo wake mkavu hajaamini kitu. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni na mwenyeji wameponyana.

Kabla sijaendelea, nitoe tahadhari moja. Tusidhani kwamba jina humtengeneza mtu. Historia ina mifano ya kutosha, na mmoja umo ndani ya mzizi huuhuu. Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad aliwapa wanawe wawili lakabu za ukoo mmoja: Al-Amin, mwaminifu, na Al-Mamun, mwenye kuaminiwa. Mwaka 802 aliwaandikisha ahadi ya namna ya kurithiana, na hati zake zikawekwa katika Al-Kaaba. Harun alifariki mwaka 809. Haikuchukua muda ahadi ikavunjwa, ndugu wakapigana, Baghdad ikazingirwa, na mwaka 813 Al-Amin akauawa na askari wa upande wa ndugu yake. Majina mawili ya uaminifu, na uaminifu wenyewe haupo.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Baghdad. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari vita vya Kagera vilipopiganwa, mwaka 1978 na 1979. Tulikuwa na mwenzetu aliyeitwa Amini, kijana mpole, mwandishi wa hati nzuri. Miezi ile alitaniwa bwenini mpaka akaanza kujiandika kwa jina la babu yake. Neno lilelile walilomwitia Mtume huko Makka lilikuwa limegeuka tusi katika midomo ya vijana wa Tanzania, kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa akitawala Uganda. Jina jema hung'ara gizani, lakini ni mwenyewe anayeliwasha.

Ndiyo maana napenda kulipima jina hili kwa mtu niliyemjua. Mama yangu mzazi aliitwa Amina. Alizaliwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na hiyo ndiyo sababu aliyoitaja bibi ya kumpa jina la mama yake Mtume. Kwa hesabu ya Kiarabu, basi, alikuwa Aamina, aliye salama. Maisha yake hayakuwa na usalama mwingi. Alifiwa na mumewe mapema, akatulea kwa kupika vitumbua na kushona kofia. Lakini mtaani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, alikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake, na zaidi ya upatu alikuwa mtunza amana. Mwanamke aliyeogopa kukaa na fedha nyumbani kwa sababu ya mume mlevi au ndugu mkopaji alimletea yeye. Kila amana ilifungwa katika kipande cha kanga kuukuu, ikatiwa uzi wa rangi yake, ikawekwa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda.

Jirani mmoja alimwachia vikuku viwili vya fedha akaenda Pemba kuuguza, asirudi kwa miaka mingi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, unga ulipokuwa wa kupangia foleni, nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, na mshahara wangu haukutosha watu sita. Ndugu mmoja alimshauri mama aviuze vile vikuku, kwani mwenyewe huenda amekwisha kufa. Mama alimjibu: "Akifa yeye, amana haifi." Vikuku vilibaki katika kopo. Mwenyewe alikuwa amefariki kweli. Binti yake alikuja baadaye, na mama aliufungua uzi mbele ya mashahidi wawili.

Nilikuwa nikimtazama mama usiku ule kwa macho ya mwalimu mchanga wa lugha, nikawaza kwamba mwanamke huyu ameyakusanya maneno mawili ya Kiarabu katika mwili mmoja. Aliitwa kwa lile la usalama, akaishi kwa lile la uaminifu. Na huenda hayako mbali kama kamusi zinavyoyaweka. Kiarabu chenyewe kimeacha mlango wazi: katika Sura ya At-Tin, mji wa Makka unasifiwa kwa neno amiin, na wafasiri wengi hulieleza kuwa ni mji wenye amani. Mji hauwekewi vikuku katika kopo, lakini anayeuingia hukabidhi nafsi yake. Mahali pa kuaminika ndipo mahali pa salama. Mtu naye ni hivyo hivyo: mwaminifu ni yule ambaye wengine wako salama kwake.

Mwaka jana suala hili liliacha kuwa la vitabu likaingia sebuleni kwetu. Binti yangu alijifungua mtoto wa kike, na wote tulikubaliana aitwe jina la bibi yangu mimi nimwitaye mama. Ubishi ulizuka ilipofika kujaza fomu ya cheti cha kuzaliwa. Mpwa wangu, kijana mwenye adabu aliyerejea kutoka masomoni Madina, alisema iandikwe Aaminah, kwa a mbili mwanzo na h mwishoni. "Mjomba," aliniambia, "tukiandika Amina tunampunguzia mtoto jina la mama yake Mtume. Tunalivunja." Binti yangu akasema, "Baba, bibi aliitwa Amina maisha yake yote. Huyo Aaminah simjui." Wote wawili walinitazama mimi.

Nilimjibu mpwa wangu kwa mambo matatu, nami nayarudia hapa kwa kuwa najua mabishano kama hayo yamo katika nyumba nyingi.

Kwanza, a mbili hazimrudishi Mwarabu. Katika Kiswahili Aamina ni silabi nne, a-a-mi-na, na mkazo bado unabaki juu ya mi. Mtunzi wa tarbia atakayemtaja mtoto huyu atatumia mizani nne badala ya tatu, na bado hatakuwa amelitamka Kiarabu. Tutakuwa tumeliacha umbo la Kiswahili bila kulifikia la Kiarabu. Wala jina hili halikuwa dogo katika fasihi yetu kwa kuandikwa kwa herufi tano: Shaaban Robert alipomlilia marehemu mkewe katika shairi alilolipa jina "Amina", hizo tatu zilitosha kubeba msiba wote.

Pili, hatuko peke yetu. Waturuki husema Emine. Watu wa Afrika Magharibi husema Aminata, wakaishika ile t ya Kiarabu ambayo sisi tuliiacha. Wahausa wa Zaria humkumbuka malkia wao Amina wa Zazzau. Kila taifa limelishona jina hili kwa kipimo cha ulimi wake, na hakuna aliyesema kwamba mama yake Mtume amevunjiwa heshima.

Tatu, ni la mwalimu mzee. Nimewaona wanafunzi wengi walioandikwa hivi katika cheti cha kuzaliwa, vile katika cheti cha mtihani, na vingine katika kadi ya kliniki, wakahangaika na viapo vya mahakamani kuthibitisha kwamba wao ni wao. Jina tunalompa mtoto ni amana tunayomwekea. Tusimkabidhi amana yenye mafundo.

Kisha nikawaletea daftari la mama. Mama hakusoma shule ya serikali, lakini alisoma chuoni, kwa hiyo hesabu zote za upatu aliziandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ukurasa wa kwanza aliandika jina lake: alifu, mimu, yaa, nuni, na taa marbuta. Mpwa wangu alipoiona ile yaa akasema papo hapo, "Lakini hii ni Amiina, mwaminifu! Bibi aliandika jina jingine." Nikamwambia asome na majina yaliyofuata. Akaona kwamba karibu kila jina mama alitia herufi ya kuvuta katika silabi ya pili kutoka mwisho, hata katika majina ambayo Mwarabu hayajui. Hiyo ni desturi ya waandishi wengi wa zamani wa pwani yetu: walitumia herufi za kuvuta ili kuonyesha mkazo wa Kiswahili. Mama hakuandika Kiarabu chenye makosa. Aliandika Kiswahili sahihi kwa herufi alizofundishwa. Aliandika alivyoitwa.

Mpwa wangu alikaa kimya, kisha akaomba ruhusa ya kulipiga picha daftari. Mtoto aliandikwa Amina. Siku ya akika ni yeye aliyeongoza dua, akalitamka jina kwa a ndefu kama alivyosomeshwa, na hakuna aliyemkataza, maana dua ilikuwa ya Kiarabu. Alipomaliza, nyumba nzima ikaitikia, "Amina." Wanawake wakaangua kicheko, kwa sababu tulikuwa tumemwita mtoto wote kwa pamoja. Na neno la tatu likawa limejiunga na wenzake.

Ombi langu kwenu watunzi ni dogo. Mnapolitumia jina hili au ndugu zake, msilitumie kwa ajili ya kina cha -na peke yake. Amana, amani, imani na amini ni rahisi kupanga vina, na ndiyo maana zimechakaa katika beti nyingi. Zirudisheni kazini. Nami, ili nisiwe mshauri asiyejaribu, naziacha beti mbili nilizomtungia mjukuu:

Jina hili la Amina, si geni tena nyumbani,
Lilivuka na maana, tatu zimo jahazini,
Salama, tena amana, na dua ya waumini,
Limekuwa letu jina, la pwani na la barani.

Mjukuu ukiweka, amana irudi njema,
Mwenye hofu akifika, kwako awe ni salama,
Na jina ukiandika, fuata wino wa mama,
Hilo ndilo la hakika, Amina, jina la wema.